Kabla Hujamchapishia Mtoto Tom Mboya

Saiba yangu iko Kondele, hapa Kisumu, katikati ya kinyozi na duka la dawa za mifugo. Nina kompyuta sita, printa mbili, na benchi moja ya kusubiria ambayo ikifika saa kumi jioni hujaa sare za shule. Watoto wananiita Anti. Ukurasa wa wino mweusi ni shilingi 10, na kwa muda mrefu hiyo ndiyo hesabu pekee iliyonihusu. Mtoto analeta kikaratasi kilichoandikwa "wasifu wa mtu mashuhuri". Namuuliza, nani? Tom Mboya, yule mwanasiasa wa enzi za Uhuru. Natafuta, nabonyeza, printa inakoroma, shilingi 30, haya kwaheri, anayefuata!

Muhula mmoja walinijia watoto ishirini na watatu wa gredi moja, shule moja, jioni mbili mfululizo. Wote Tom Mboya. Wote niliwapa kurasa zilezile tatu. Wiki iliyofuata msichana mmoja akarudi na kazi yake imesahihishwa. Mwalimu hakujisumbua kuandika pembeni. Aliandika mstari mmoja tu chini, kwa wino mwekundu: "Mwambie wa saiba amepata 4 kwa 20."

Nilicheka kwanza. Kisha aibu ikanishika, maana alama hizo nne zilikuwa zangu kweli. Mimi ni mtoto wa Webuye, nimekulia karibu na kiwanda cha karatasi. Harufu yake tulikuwa tumeizoea hata tukaisahau, mpaka mgeni azibe pua ndipo tukumbuke ipo. Nikajiona nimekuwa mtu wa kuuza karatasi bila kujali kilichoandikwa juu yake.

Tangu siku hiyo nina sheria moja, na karibu kila ninachokueleza hapa kimetoka kwenye sheria hiyo. Sichapishi wasifu wa mtoto mpaka afunge daftari, anitazame usoni, anisimulie mambo matatu kuhusu huyo mtu bila kuchungulia. Akishindwa, hajawa tayari kuandika. Wazazi wengine walinuna mwanzoni. Mmoja aliniambia yeye amekuja kununua karatasi, hakuja kufanya mtihani. Nilimrudishia pesa zake, akaenda saiba ya jirani. Siku hizi ananiletea hata watoto wa dadake.

Basi mtoto wako akija na kazi hiyo, usikimbilie printa. Soma kwanza kikaratasi cha mwalimu. Wasifu ni maisha ya mtu yanayoandikwa na mtu mwingine. Tawasifu ni mtu kujiandika mwenyewe. Nimeona watoto wakichanganya haya mawili na kuandika "Mimi naitwa Tom Mboya, nilizaliwa..." Sentensi nzuri kabisa, ila si kazi aliyopewa. Tazama pia kama kimeandikwa "mtu mashuhuri" au "mtu katika jamii yako", kwa sababu la pili linakuruhusu kuhoji jirani, na ukiruhusiwa kuhoji jirani umepata bahati. Nitalifikia hilo.

Kuchagua mtu kuna mtego wake. Watoto wa huku wanataja watu watatu au wanne walewale, na si kosa lao, ndio majina wanayosikia. Mvulana mmoja alinijia na Lwanda Magere. Nikamwambia mtu ambaye mwili wake ni jiwe na nguvu zake ziko kwenye kivuli, huyo tunamweka kwenye mighani pamoja na Fumo Liyongo. Wasifu unataka mtu ambaye tunaweza kuuliza alisoma wapi na tukapata jibu. Alikasirika kidogo. Nikamuuliza ni nini hasa anachopenda kwa Lwanda Magere. Akasema, hakuna aliyemshinda. Tukatafuta mtu wa kweli ambaye hakushindika kirahisi, tukaangukia kwa mwanariadha Kipchoge Keino, na huyo mtoto hakuinuka kwenye kompyuta mpaka nilipozima taa.

Hivyo ndivyo mtu anavyochaguliwa: ukianzia kwa kitu kinachomwasha mtoto. Msichana anayetaka kuwa nesi na pia anaandika hadithi nyuma ya madaftari, mpe Grace Ogot, aliyezaliwa Asembo mwaka 1930. Alisomea uuguzi Uganda na Uingereza, akatangaza kwenye redio ya BBC, akawa mwandishi, kisha mbunge na waziri msaidizi. Mtoto wa Nakuru anayedhani Wangari Maathai ni wa watu wa Nyeri peke yao, mwambie Wangari aliishi sehemu ya utoto wake kwenye shamba la mzungu upande wa Nakuru, babake alikokuwa akifanya kazi. Utaona macho yanafunguka.

Akishampata mtu, aandike swali moja juu ya ukurasa mtupu. Moja tu. "Grace Ogot alitokaje kwenye unesi akafika kwenye vitabu?" Au, "Kwa nini Mboya aliwapeleka vijana Marekani?" Mtoto asiye na swali hukusanya kila kitu, na anayekusanya kila kitu hunakili. Mwenye swali anajua cha kuchukua na cha kuacha. Sioni haja ya kulirefusha hili, lijaribuni tu nyumbani.

Sasa tuje kwenye miaka, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu hapa ndipo wengi wanapoteza alama.

Mwambie mtoto achore mstari mrefu kwenye karatasi, kutoka kushoto kwenda kulia, aweke kuzaliwa upande huu na kufa upande ule, kisha ajaze katikati. Tumtumie Mboya mwenyewe, maana ndiye mteja wangu mkubwa. Alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930. Aliuawa kwa risasi Nairobi tarehe 5 Julai 1969. Muulize mtoto: alikufa akiwa na miaka mingapi? Kila mtoto anatoa 1930 kwenye 1969 na kuniambia 39, kwa sauti ya ushindi. Namwambia aangalie tena miezi. Julai inakuja kabla ya Agosti. Ananyamaza, anahesabu kwa vidole, halafu: "Anti, alikuwa bado hajafika!" Alikuwa na miaka 38. Mtoto aliyeligundua hilo mwenyewe hatalisahau, na mwalimu akiona 38 mahali ambapo darasa zima limeandika 39, atajua huyu amefanya kazi.

La pili ni mahali. Watoto wengi huandika kwamba Mboya alizaliwa kisiwa cha Rusinga. Ni rahisi kuona sababu: kwao ni Rusinga, amezikwa Rusinga, na kaburi lake lenye jengo la umbo la risasi ndilo watu wanakwenda kulitazama siku hizi kwa kuvuka daraja la Mbita. Lakini alizaliwa Kilima Mbogo, karibu na Thika, kwenye shamba la mkonge ambako babake alikuwa ameajiriwa. Huku kwetu mtu akiulizwa ni wa wapi hutaja kwao, hataji alikozaliwa. Mtoto afundishwe kuyauliza mambo hayo mawili kando kando: kwao ni wapi, na alizaliwa wapi? Ukiuliza hivyo unapata hadithi nyingine nzima bila kutafuta, ya baba aliyetoka ziwani kwenda kufanya kazi mbali.

La tatu ni majina. Majina ya watu wa huku yana habari ndani yake. Mboya alikuwa Odhiambo, jina la mtoto wa jioni. Grace Ogot alikuwa Akinyi, jina la mtoto wa asubuhi. Otieno na Atieno ni wa usiku, Okoth na Akoth ni wa mvua. Kwetu Wabukusu, Nafula ni wa wakati wa mvua, Nekesa wa mavuno, Nasimiyu wa kiangazi, na Nanjala alikuja njaa ikiwa imeingia. Lakini mtoto asiharakishe kuandika "alizaliwa jioni" eti kwa sababu ya jina. Wengi wamerithi jina la babu au nyanya aliyetangulia, na babu ndiye aliyekuja jioni. Jina linampa swali la kuuliza. Jibu alitafute mwenyewe.

Na kama mwaka haujulikani, usiuvumbue. Hata mwaka wa kuzaliwa wa Jomo Kenyatta haujulikani kwa hakika mpaka leo, na hilo halikumzuia kuwa rais. Mtoto aandike "takriban", aendelee.

Kuhusu intaneti, kanuni yangu ni vyanzo vitatu, na kimoja kisiwe cha mtandaoni. Kurasa tatu za intaneti zilizonakiliana ni chanzo kimoja kilichovaa nguo tatu. Utazitambua kwa kosa: zote zimekosea mahali pamoja. Cha nje ya mtandao kinaweza kuwa kitabu kutoka maktaba ya umma hapa mjini, kitabu cha historia cha kaka yake aliye sekondari, makumbusho ya Kang'o ka Jaramogi kule Bondo kama kazi ni ya Oginga Odinga na mna nauli, au mtu mzima anayekumbuka.

Ngoja nirudi kwa yule mvulana wa Keino. Alisoma kwamba siku ya fainali ya mita 1500, Mexico City, mwaka 1968, basi lilikwama kwenye msongamano wa magari, Keino akashuka akakimbia hadi uwanjani huku anaumwa na nyongo, akaingia, akashinda dhahabu. Akataka kuiandika hivyo hivyo. Nikamwambia asome mahali pengine kwanza. Pengine alikuta Keino alikimbia maili moja, pengine mbili. Akanitazama kama mtu aliyeibiwa. "Sasa Anti, ni uongo?"

Nikamwambia tugawe daftari kwa mstari katikati. Upande wa kushoto tuweke yale ambayo kila mahali yanafanana: alishinda dhahabu, alimwacha Jim Ryun wa Marekani kama mita 20 nyuma, alikuwa mgonjwa, Mexico City iko juu ya zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na Keino ni mtu wa Nandi aliyezoea hewa ya milimani. Upande wa kulia tuweke yale yanayobadilika kila anayesimulia. Ya kushoto aandike kwa uhakika. Ya kulia aandike kwa "inasimuliwa kwamba". Mtoto wa gredi ya 5 aliyejifunza kutumia "inasimuliwa kwamba" mahali pake ananifurahisha kuliko anayejua kuweka picha ya rangi.

Siku hizi wanakuja pia na maandishi yaliyotungwa na akili unde kwenye simu ya mama. Sina vita nayo, naitumia kuandika barua za wateja. Lakini mvulana mmoja aliniletea wasifu ambamo Mboya alisomea Maseno. Mboya alisoma Kabaa, Yala na Mang'u. Nilipomuuliza ameitoa wapi hiyo Maseno, akasema simu imesema. Simu imeitoa wapi? Kimya. Kinachokosa jibu la "wapi" hakiingii kwenye daftari, hata kikiwa kimeandikwa kwa Kiswahili kitamu namna gani.

Sasa lile la jirani.

Mwaka jana msichana wa gredi ya 6 alipewa kazi ya kuandika wasifu wa mtu katika jamii yake. Alikuwa ameshakata tamaa: "Anti, kwetu hakuna mtu." Nikamkumbusha mzee mmoja wa Manyatta, rafiki ya babu yake, aliyefanya kazi bandarini miaka mingi. Akasema, huyo ni Kwaro tu, yaani babu kwa Dholuo, lugha ya Wajaluo. Nikamwambia ndiye huyo huyo tunayemtaka.

Kabla hajakwenda tulifanya mambo matatu. Tulimpigia mzee simu tukaomba ruhusa na saa, maana huendi kwa mzee na daftari kama askari wa kanjo. Tukaandika maswali manane. Kisha nikamfutia matano. Aliyoyapenda yalikuwa ya fomu: ulizaliwa lini, una watoto wangapi, dini yako ni gani. Maswali ya fomu yanapata majibu ya fomu. Badala yake nikampa: ulipokuwa na umri kama wangu, kazi yako ya asubuhi ilikuwa nini? Siku ya kwanza kazini ulivaa nini? Mshahara wa kwanza ulinunulia nini?

Swali hilo la mshahara, lishike. Sijawahi kuona likishindwa. Mzee alikuwa anajibu kwa ufupi, ndiyo, hapana, zamani ilikuwa ngumu. Msichana alipouliza la mshahara, akanyamaza. Nilikuwa nimemwonya msichana: mzee akinyamaza, nawe nyamaza, usikimbilie swali lingine. Akahesabu moyoni mpaka kumi na nne. Ndipo mzee akasema alinunua viatu. Vya ngozi, vya kwanza maishani mwake. Na kwamba hakuvivaa siku hiyo. Alivibeba mkononi kutoka mjini hadi nyumbani, peku, visije vikachafuka kabla mamake hajaviona.

Msichana aliporudi kunisimulia, daftari likiwa limefungwa, alianza na viatu. Hakuanza na mwaka wala na jina la baba. Hapo nikajua wasifu umeshapatikana, umebaki kuandikwa.

Lakini kulikuwa na tatizo, na ule mstari wa miaka ndio uliolifichua. Mzee alisema alianza kazi "mwaka wa Uhuru". Msichana akaandika 1963. Kisha kwenye ukurasa mwingine alikuwa ameandika kwamba siku ya Uhuru mzee alikuwa shuleni, amepangwa mstari na wenzake, wanaimba huku wamesimama juani. Tulipoviweka vyote kwenye mstari vikagongana. Mtu hawezi kuwa darasani anaimba na wakati huohuo anavuta kamba bandarini. Nikamwambia asibahatishe, arudi akaulize. Akarudi. Mzee akacheka mpaka akakohoa. Uhuru aliyoisema yeye ni meli! Meli ya Uhuru, ile ya kubeba mabehewa ya treni kuyavusha ziwa, iliyoanza kazi katikati ya miaka ya 1960, baada ya nchi kuwa huru. Alipochukuliwa kazi, meli ilikuwa bado mpya na wao wa bandarini waliihesabu miaka kwa meli. Akaingia ndani akatoa kadi ya kazi iliyofungwa kwenye mfuko wa nailoni: 1967.

Kwa hiyo mtoto aende mara mbili. Mara ya kwanza kusikiliza, mara ya pili kuuliza yaliyogongana. Na aombe kuona vitu: kadi ya kazi, kitambulisho, picha. Picha igeuzwe nyuma, huko ndiko watu wa zamani waliandika tarehe. Kitambulisho kisiaminiwe sana kwa tarehe ya kuzaliwa ya mzee, wengi walikadiriwa siku ya kuandikishwa. Asiyejua mwaka muulize kwa matukio: mafuriko makubwa ya 1961 alikuwa anafanya nini, jaribio la mapinduzi la Agosti 1982 lilimkuta wapi, ukame wa 1984 alikula nini. Mzee wetu alikuwa akisema "tulipovunjika", "kabla hatujavunjika", na msichana alidhani ni mguu. Alimaanisha Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, na mashirika ya reli na bandari yaliyokuwa ya nchi tatu yakagawanywa. Neno moja, na ndani yake nusu ya maisha ya mtu. Mtoto asiposikia vizuri, aseme "sijaelewa, Kwaro". Wazee hawachukii swali hilo hata kidogo.

Maneno ya mzee yaandikwe jinsi alivyoyasema. Akisema kwa Dholuo, mtoto aandike Dholuo, aeleze kwa Kiswahili pembeni. Ukirekodi kwa simu, omba ruhusa kabla, na bado kalamu iandike, kwa sababu simu ikizima chaji kazi yote imekwenda na maji. Na kuna mahali pa kusimama. Huu ni mji wa Kisumu, watu wana mwaka 1969 na mwaka 2007 ndani yao, miaka ambayo damu ilimwagika hapa. Mzee akifika hapo akageuza uso, mtoto aulize kuhusu samaki. Hayo mengine si ya gredi ya 6 kuyachimba, na mtu mzima aliyeandamana naye ndiye wa kulijua hilo. Ndiyo, aandamane na mtu mzima.

Kuandika sasa. Kama kazi ya kutafuta imefanywa, kuandika ni jioni moja.

Mkae jikoni. Wewe chambua sukuma, yeye afunge daftari akusimulie. Usimkatize. Anachokisimulia kwanza, macho yakiwaka, ndicho kiwe aya ya kwanza. Anachokisahau kabisa pengine hakihitajiki. Akimaliza, mwambie aandike hivyo hivyo alivyosema, ndipo afungue daftari kuhakikisha miaka na majina. Utaratibu huu unaua kunakili bila ugomvi, kwa sababu hakuna mtoto anayesimulia akimenya viazi, "mwanasiasa huyo mahiri alijipatia sifa tele kitaifa na kimataifa".

Sentensi ya kwanza nina ugomvi nayo wa siku nyingi. Kila wasifu unaopita mezani kwangu unaanza, "Fulani alikuwa mtu mashuhuri sana." Kama ni mashuhuri, kwa nini uniambie? Linganisha na hii, ya mtoto mwingine aliyefanya Mboya: "Mwezi wa Septemba 1959, wanafunzi 81 walipanda ndege Nairobi kwenda kusoma Marekani, na mtu aliyewatafutia nafasi hizo alikuwa hajafika chuo kikuu kwa njia ya kawaida mwenyewe." Akaeleza baadaye kwamba Mboya alisomea ukaguzi wa afya, akafanya kazi hiyo Nairobi, akaingia vyama vya wafanyakazi, ndipo akapata mwaka mmoja Oxford, chuo cha Ruskin. Swali lake lilikuwa ni kwa nini Mboya aliwapeleka vijana ng'ambo, na sentensi yake ya kwanza inalisogelea swali hilo moja kwa moja. Ya yule msichana wa bandarini ilikuwa fupi zaidi: "Viatu vyake vya kwanza hakuvivaa, alivibeba."

Sifa zisizo na tendo zifutwe. "Alikuwa mkarimu, mwenye bidii na mpenda watu": yote hayo nje, au kila moja liletewe tendo lake. Bidii gani? Aliamka saa ngapi? Aya moja ibebe jambo moja. Kosa la ngeli lisahihishwe mwishoni, si katikati ya hamu. Picha iwe moja na iwe na maelezo chini. Mapambo ya maua pembeni ya ukurasa sijui yalitoka wapi, lakini yana wino wa shilingi 20 na hayana alama.

Wewe mzazi, mikono nyuma. Najua inawasha. Nimewaona akina baba wakimnyang'anya mtoto kibodi eti anachelewesha. Kazi yako ni kuuliza "halafu?" na "umejuaje?", kulipa nauli ya kwenda kwa mzee, na kusoma rasimu kwa sauti ili mtoto asikie mahali anapojikwaa. Ukiona kosa, mwonyeshe mstari, usimwambie neno. Mwalimu anamjua mtoto wako anavyoandika, na sentensi yako ya ofisini itang'aa pale kama jino la dhahabu.

Na ikiwa kazi ni ya kesho asubuhi, na wewe umeambiwa sasa hivi, saa moja jioni, kama tunavyoambiwa wote? Basi Tom Mboya mwache apumzike, mradi kikaratasi kinaruhusu. Mwandike aliye ndani ya nyumba. Nyanya aliyekuja kutembea, shangazi, au yule kijana anayewasaidia kutunza ng'ombe, mradi akubali. Maswali matatu: kazi ya asubuhi utotoni, siku ya kwanza kazini, mshahara wa kwanza. Subirini kimya kinapokuja. Chora mstari wa miaka, tazameni kama kuna kinachogongana, ulizeni tena huyo huyo akiwa bado anakunywa chai. Daftari lifungwe, lisimuliwe, liandikwe kwa mkono. Kurasa mbili za mwandiko wa mtoto hakuna mwalimu amewahi kuzikataa mbele yangu.

Mkitaka kuchapisha, kujeni mapema. Nafunga saa mbili, na jambo la tatu huwa linachukua muda kukumbukwa.